Unataka kuinua uso kwa nyuzi? Haya yatakupunguzia madhara

Nyuzi huingizwa chini ya ngozi kwa sindano ili kuvuta mashavu yaliyolegea. Siku za mwanzo uso kuvimba, kuvilia damu au kuwa na vishimo vidogo ni kawaida, na mara nyingi huisha ndani ya wiki moja au mbili.

Mengine unayazuia mwenyewe. Kabla ya kwenda, mtajie daktari dawa zote unazotumia. Aspirini, ibuprofeni, hata vidonge vya mafuta ya samaki vinaweza kuongeza kuvilia damu. Ila kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia. Sema pia kama makovu yako huwa yanaota keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi.

Ukishatoka, uache uso upumzike. Lala chali, kichwa kiwe juu kidogo. Masaji, skrabu, sauna na gym visubiri wiki mbili hivi. Daktari wa meno naye asubiri, maana kupanua mdomo sana kunaweza kusogeza nyuzi kabla hazijashika.

Ncha ya uzi ikitokeza, usiivute wala kuikata (najua inakera). Rudi kwa aliyekuwekea. Maumivu yanayozidi, usaha au homa huenda ni maambukizi, nenda siku hiyo hiyo.

Na aliyekuwekea awe daktari, si dada wa saluni mwenye bei nusu. Kwa Kenya, tafuta jina lake kwenye rejista ya KMPDC mtandaoni. Kwa Tanzania bara, uliza Baraza la Madaktari Tanganyika.