Aliyepanda si aliyevuna

Ukifungua kompyuta yenye Windows utakuta mafaili yamewekwa chini ya herufi C. Je, A na B zilikwenda wapi? Zilikuwa za flopi, zile diski laini ambazo leo ni nadra kuonekana. Na aliyezizoesha kompyuta ndogo mpangilio huo wa herufi si Bill Gates.

Aliitwa Gary Kildall, mwalimu katika chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani mjini Monterey, California. Mwaka 1974 alikuwa na kompyuta ndogo yenye chipu ya Intel 8080 na mtambo wa kusomea diski, lakini hapakuwa na programu ya kuviwezesha kufanya kazi pamoja. Akaiandika mwenyewe, akaiita CP/M. Kazi yake ilikuwa kama ya karani wa masijala: kujua kila faili liko wapi, kulitoa linapoitwa na kulirudisha mahali pake.

Zama hizo kila kiwanda kilitengeneza kompyuta kwa namna yake. Kildall akatenga kipande kidogo cha programu kinachohusika na mashine yenyewe, akakiita BIOS. Ukihamia mashine nyingine, unaandika upya kipande hicho tu. Ndiyo maana programu moja ya kuandikia barua iliweza kutumika katika kompyuta za makampuni mengi. Yeye na mkewe Dorothy wakaanzisha kampuni, Digital Research, nayo ikastawi.

Mwaka 1980 IBM ilibisha hodi ikitafuta programu ya kompyuta yake mpya. Wengi husimulia kwamba utajiri ulimponyoka Kildall kwa kuwa siku hiyo alikuwa angani akirusha ndege yake. Mimi hadithi hiyo hainitoshi. Ni kweli alikuwa safarini kikazi, na Dorothy hakukubali kutia saini hati ya kutunza siri waliyokuja nayo wageni. Lakini mambo hayakuishia hapo, kwani baadaye IBM iliuza CP/M pia. Tofauti ilikuwa bei: DOS, iliyotoka Microsoft, dola 40; CP/M dola 240. Mnunuzi gani angesita?

Na hiyo DOS haikuandikwa na Microsoft tangu mwanzo. Aliiandika Tim Paterson wa Seattle Computer Products, akifuata mwenendo wa CP/M ili programu zilizokuwapo zihamishwe kwa urahisi. Julai 1981 Microsoft ilinunua haki zote kwa dola 50,000. Ikawapa IBM ruhusa ya kuitumia, lakini ikabaki na haki ya kuwauzia wengine. Makampuni yalipoanza kuiga kompyuta ya IBM, yote yakapanga foleni mlangoni kwa Microsoft.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hapa kisu kilikuwa kifungu kimoja cha mkataba. Digital Research iliuzwa kwa Novell mwaka 1991, na Kildall akafariki mwaka 1994 akiwa na miaka 52. Kibao cha kumkumbuka kiliwekwa mwaka 2014 mjini Pacific Grove, mahali ilipokuwa kampuni yake.

Kwa hiyo, kijana unayeandika programu usiku na mchana, akili unayo. Mkataba wako je, umeusoma mpaka mstari wa mwisho?