Madaraka ya Kuazima

Kinanie ni wadi mojawapo ya Mavoko, katika Kaunti ya Machakos. Mwenyeji wa huko akiona barabara imeharibika, au zahanati haina dawa, hana budi kujiuliza: Je, nimwendee nani? Swali hili laonekana jepesi. Lakini katika muda wa miaka mia moja jibu lake limegeuka mara kadhaa, na kila mara lililoligeuza ni sheria.

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha kwa sheria Mabaraza ya Wenyeji katika nchi walizotengewa Waafrika. Machakos nayo ilipata baraza lake. Baraza liliruhusiwa kutoza kodi ndogo na kuitumia kwa shule, njia na maji. Lakini mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, wala hapakuwa na neno lililoweza kupita bila idhini ya serikali. Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1938, Wakamba waliposhurutishwa kupunguza ng'ombe wao. Baraza halikuweza kuwakinga. Basi maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda wenyewe Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha, amri ile ya lazima iliondolewa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Katiba iliigawa nchi katika majimbo saba yenye mabunge yake, mbali na eneo la Nairobi. Majimbo hayo hayakudumu. Mwisho wa mwaka 1964, Kenya ilipokuwa Jamhuri, madaraka yao yalikuwa yamekwisha kurudi Nairobi. Zikabaki halmashauri za wilaya, zilizotwikwa mzigo wa shule za msingi, afya na barabara. Mzigo ulikuwa mzito na mfuko ulikuwa mwepesi. Halmashauri kadhaa zilishindwa hata kuwalipa walimu mishahara. Wahenga walisema kweli: mkono mtupu haulambwi.

Ndipo Bunge lilipotunga sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha kazi hizo. Tangu tarehe 1 Januari 1970 shule, afya na barabara zilichukuliwa na Serikali Kuu, pamoja na kodi iliyozilisha halmashauri. Tusiilaumu sheria hiyo kwa upofu, maana mwalimu asiyelipwa hafundishi vema. Lakini tuone pia kilichopotea. Diwani aliyechaguliwa na watu wa kijiji hakuwa tena na la kuwajibu kuhusu zahanati yao. Aliyekuwa na jibu alikaa mbali, wala hakuwa amepigiwa kura nao.

Kisa hiki chatufundisha kwamba madaraka yaliyotolewa kwa sheria ya kawaida ni nguo ya kuazima: mwenyewe aweza kuitaka siku yoyote. Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2010 ilifuata njia nyingine. Iliunda kaunti 47, ikataja kazi zao ndani ya Katiba yenyewe: hospitali na zahanati za kaunti, kilimo, shule za chekechea, maji na barabara za kaunti. Tena iliagiza kwamba kaunti zote kwa jumla zigawiwe fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kuibadili misingi ya ugatuzi kwahitaji kura ya wananchi wote, wala si kura ya Bunge peke yake.

Hata hivyo, boma imara nalo lina lango. Katiba yaruhusu kazi kuhamishwa kwa mapatano. Tarehe 25 Februari 2020 Kaunti ya Nairobi ilitia sahihi mkataba wa kuikabidhi Serikali Kuu baadhi ya kazi zake, afya ikiwamo, na mpango huo ukadumu hadi mwaka 2022.

Basi mwanafunzi wa Kinanie na ajifunze mambo mawili: kazi hii ni ya nani, na fedha zake zatoka wapi. Zahanati ikikosa dawa, ataiuliza kaunti. Shule ya msingi ikikosa mwalimu, ataiuliza Serikali Kuu. Asiyejua tofauti hiyo atazungushwa kutoka mlango hadi mlango. Na kazi hizo zikihamishwa tena, hatajua kwamba amepokonywa kitu.