Historia Fupi ya Bei Mbili

Mwezi Mei 2007, Richard Blumenthal, ambaye wakati huo alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Connecticut nchini Marekani, aliishtaki Best Buy, kampuni kubwa ya maduka ya vifaa vya elektroniki. Malalamiko yalikuwa hivi. Mteja anaona bei ya kompyuta kwenye tovuti ya kampuni akiwa nyumbani. Anafunga safari hadi dukani, anakuta bei iliyobandikwa iko juu zaidi. Akihoji, mhudumu anamfungulia tovuti ile ile kwenye kompyuta ya dukani, na bei inayoonekana pale ni ile ya juu. Mteja anabaki kudhani macho yake ndiyo yaliyomdanganya. Kumbe tovuti zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya umma. Nyingine ilikuwa ya ndani ya maduka, imefanana na ya kwanza kama pacha, ila bei zake zilikuwa za dukani. Kampuni ilikiri kwamba tovuti hiyo ya ndani ipo, ikakana kwamba ilikusudia kumdanganya mtu.

Nilipokisoma kisa hiki, kilichonishangaza zaidi ni hasira ya mteja. Mimi nimekulia Dar es Salaam, ambako bei ya kwanza ni kama salamu: unaipokea, unaijibu, ndipo mazungumzo yanaanza. Mteja wa Connecticut alikasirika kwa sababu aliamini kwamba bidhaa moja, ya kampuni moja, siku moja, lazima iwe na bei moja. Nikataka kujua imani hiyo ilitoka wapi, maana binadamu hakuzaliwa nayo.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya biashara, bei ilipatikana kwa kutazamana. Muuzaji aliangalia mavazi ya mnunuzi, akasikiliza lafudhi yake, akapima haraka yake, kisha akataja kiasi. Mnunuzi naye aliangalia bidhaa ngapi zimelala, jua limefika wapi, na jirani anauza nini. Bei moja kwa wote ilibidi ibuniwe, na ilibuniwa zaidi ya mara moja.

Mwaka 1673, mfanyabiashara wa Kijapani Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa liitwalo Echigoya katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Desturi ya wakati huo ilikuwa kupeleka vitambaa kwenye nyumba za matajiri, kupatana bei, na kulipwa baadaye. Kwa kuwa malipo yalichelewa, muuzaji alijifidia kwa kupandisha bei. Mitsui aliuza dukani, kwa pesa taslimu, kwa bei isiyojadiliwa. Katika karne hiyo hiyo huko Uingereza, waumini wa dhehebu la Quaker, ambao magharibi mwa Kenya tunawajua kama Marafiki, walikataa kupatana bei kwa sababu ya dini. Kwao, kutaja bei ambayo huna nia ya kuisimamia ulikuwa uongo.

Karne mbili baadaye wenye maduka makubwa walilichukua wazo hilo. Aristide Boucicaut alilitumia katika duka la Le Bon Marché jijini Paris kuanzia miaka ya 1850, na John Wanamaker akafanya hivyo Philadelphia baada ya kufungua duka lake mwaka 1861. Walilisifia kama haki kwa mteja, na kwa kiasi fulani ilikuwa haki. Lakini pia walikuwa na wahudumu wengi mno, wengine vijana wasio na uzoefu, na hakuna mwenye duka anayeweza kumwamini kila mmoja wao kuvutana bei na mteja. Lebo ya bei ilimkinga mteja dhidi ya mhudumu mjanja, ikamkinga na tajiri dhidi ya mhudumu asiye mjanja.

Nguvu ya lebo, hata hivyo, haikuonekana mahali popote kama ilivyoonekana kwenye mashamba ya pamba kusini mwa Marekani.

Baada ya utumwa kukomeshwa huko mwaka 1865, Wamarekani weusi wengi walibaki bila ardhi. Walilima mashamba ya watu kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na mwaka mzima hawakuwa na pesa mkononi. Unga, chumvi, viatu na mbegu walivichukua kwa mkopo kwenye duka la karibu, na dhamana ilikuwa pamba ambayo bado haijavunwa. Maduka hayo yalikuwa na bei mbili: bei ya taslimu na bei ya mkopo. Wanahistoria wa uchumi Roger Ransom na Richard Sutch, katika kitabu walichokitoa mwaka 1977, walipiga hesabu ya tofauti ya bei hizo katika jimbo la Georgia miaka ya 1880. Wakaona kwamba ukiigeuza kuwa riba, inafika karibu asilimia 60 kwa mwaka.

Mwenye duka angeweza kujitetea kwamba alikopesha watu wasio na kitu, na kwamba mvua ikigoma wote wanaanguka. Ni kweli. Lakini Ransom na Sutch walionyesha jambo jingine pia: maduka hayo yalikuwa mbalimbali, na mara nyingi mkulima alikuwa na moja tu ambalo angeweza kufika na kukopeshwa. Bei ilipanda kwa sababu hakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Mlango wa pili ulikuja kwa posta. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alianza kutuma karatasi yenye orodha ya bidhaa na bei zake. Richard Sears, aliyeanza kwa kuuza saa mwaka 1886, akafuata na katalogi iliyonenepa hadi kuwa kitabu cha mamia ya kurasa. Kuanzia mwaka 1896 serikali ya Marekani ilianza kupeleka barua bure hadi kwenye nyumba za vijijini. Sasa mkulima angeweza kukaa kibarazani kwake, akafungua ukurasa, akaona cherehani na bei yake. Bei hiyo hiyo alikuwa akiisoma mwanasheria mzungu wa Atlanta. Aliyeichapa hakujua msomaji ana rangi gani, amevaa nini, wala anadaiwa na nani.

Mwanahistoria Louis Hyman alilieleza jambo hili mwaka 2018, wakati Sears ilipoomba kinga ya mufilisi. Dukani, mteja mweusi alisubiri hadi wazungu wote wahudumiwe, na bidhaa aliyopewa mara nyingi ilikuwa ile ambayo muuzaji aliona inamstahili. Kwenye katalogi hakukuwa na foleni. Wenye maduka waliuona mwisho wao ukija. Walieneza uvumi dhidi ya kampuni za katalogi, na mahali pengine vitabu hivyo vilikusanywa na kuchomwa moto.

Nadhani hapa ndipo palipo kiini cha habari yote ya bei ya mtandaoni na bei ya dukani. Katalogi ndiyo mtandao wa kwanza. Ilishusha bei kwa kuwa na ghala kubwa, ndiyo, lakini pia ilishusha bei kwa kumpa mtu pa kwenda. Baada ya kuijua bei ya Chicago, hata aliyebaki kununua kwenye duka la kijijini alikuwa mteja mwingine kabisa.

Sears iliacha kutoa katalogi yake kubwa mwaka 1993. Mwaka uliofuata Jeff Bezos alianzisha Amazon, na ilionekana kama kijiti kimepokelewa. Tovuti, kama katalogi, ilikuwa ukurasa mmoja kwa watu wote. Tofauti ni kwamba ukurasa huu ungeweza kumtazama msomaji wake.

Mwezi Septemba 2000 wateja wa Amazon waligundua kwamba filamu moja ya DVD inauzwa kwa bei tofauti kwa watu tofauti. Kampuni ilisema lilikuwa jaribio, na kwamba bei ziligawiwa kwa bahati nasibu bila kuangalia mteja ni nani. Bezos aliomba radhi, na wateja 6,896 wakarudishiwa wastani wa dola 3.10 kila mmoja. Fedha ilikuwa ndogo. Kilichowauma watu ni kugundua kwamba ukurasa wa jirani haufanani na wao.

Mwezi Desemba 2012 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha uchunguzi kuhusu tovuti ya Staples, kampuni ya vifaa vya ofisi. Stepla moja iliuzwa dola 15.79 kwa mteja mmoja na dola 14.29 kwa mwingine aliyeishi maili chache tu kutoka kwake. Tovuti ilikisia mteja yuko wapi. Kilichoonekana kuamua bei zaidi ya kingine ni kama kuna duka la mshindani ndani ya maili 20 hivi, yaani kilomita kama 32. Aliyekuwa na duka jingine karibu alipunguziwa. Asiye nalo alilipa zaidi. Na gazeti liliona kwamba maeneo yaliyopata bei nafuu kwa kawaida yalikuwa ya watu wenye kipato kikubwa. Kampuni ilieleza kwamba gharama za kufanya biashara hutofautiana mahali na mahali. Huenda hakuna mtu yeyote ofisini aliyepanga kumtoza maskini zaidi. Lakini ukiisoma habari hiyo baada ya ile ya Georgia, unalitambua duka lile la pamba mara moja.

Mwaka 2019 kituo cha televisheni cha KARE 11 cha Minneapolis kiliijaribu programu ya simu ya maduka ya Target. Wakiwa mbali, televisheni moja ilionyeshwa kwa dola 499.99. Walipoingia kwenye maegesho ya magari ya duka, ikawa dola 599.99. Mtu aliyekwisha kufunga safari na kuegesha gari si rahisi kugeuka. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza shauri lililofunguliwa na waendesha mashtaka wa California, ambalo lilihusu bei za namna hiyo pia.

Lazima niseme upande wa pili. Mchumi Alberto Cavallo alilinganisha bei za mtandaoni na za dukani za kampuni kubwa 56 katika nchi 10, Afrika Kusini ikiwemo. Katika utafiti wake uliotoka mwaka 2017, bei zilikuwa sawa kwa takriban asilimia 72 ya nyakati. Kwa hiyo si kweli kwamba kila duka lina tovuti pacha iliyofichwa. Bei moja bado ndiyo kawaida, hasa kwa kampuni zinazoogopa wateja wenye simu mkononi. Pia duka lina kodi ya pango, umeme na mishahara ya kulipa, na lina wageni wanaokuja kujaribu viatu kisha wakaenda kuagiza kwingine.

Wala bei moja peke yake si ukombozi. Sisi Watanzania tuliijaribu kwa sheria. Kuanzia mwaka 1973 tulikuwa na Tume ya Bei ya Taifa, na bei ya serikali ilikuwa sawa kwa waziri na kwa kuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ilibaki kwenye karatasi huku sabuni, sukari na khanga zikiadimika dukani. Bei ya pili, ya ulanguzi, ilisemwa kwa kunong'ona, na mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wazee wetu walikuwa na lebo, lakini nao hawakuwa na mlango wa pili uliofunguka kihalali.

Leo milango ni mingi, na wengi wa wauzaji wetu wa mtandaoni wameamua kutoandika bei kabisa. Picha ni nzuri, maelezo yapo, na chini imeandikwa: bei njoo inbox. Mwaka jana mimi na binamu yangu aliyeko Sumbawanga tulimwandikia muuzaji mmoja jioni moja kuhusu viatu vya aina moja. Wote wawili tulijibiwa kwa swali lile lile: "Karibu mpendwa, upo mkoa gani?" Mimi nikatajiwa shilingi 45,000. Yeye akatajiwa 60,000, na nauli ya mzigo juu yake. Kesho yake nilivipata Kariakoo, nikavutana na kijana wa dukani hadi 38,000. Yule kijana alinitazama juu hadi chini kabla ya kutaja bei, sikatai. Lakini nami nilimtazama, na duka la pili lilikuwa hatua tatu kutoka lake, na wote wawili tulilijua hilo.

Binamu yangu hakuwa na hatua tatu za kutembea, na muuzaji alilijua hilo kabla hajataja bei. Swali la "upo mkoa gani" linaulizwa kwa upole, na mara nyingi ni la usafiri tu. Ila ndilo swali ambalo tovuti ya stepla ilikuwa ikiuliza kimyakimya, na ndilo ambalo mwenye duka la Georgia hakuhitaji kuuliza kwa sababu jibu alikwisha kulijua.

Siku hizi binamu yangu akitaka kitu hunitumia picha. Mimi naulizia bei nikiwa Dar, kisha yeye ananunua kwa bei hiyo, na mzigo unapanda basi. Ananiita katalogi yake.