Kutoka Siwindhe hadi Kitabuni: Grace Ogot na Hadithi za Mazimwi katika Ukanda wa Busia na Tororo

Wahakiki wa Kiswahili huziita fasihi pendwa zile kazi ambazo msomaji huzifuata kwa uhondo wa kisa chenyewe, kama vile visa vya upelelezi, mahaba, vitisho, uchawi na mazimwi, na mara nyingi istilahi hiyo hutamkwa kwa dharau kidogo, kana kwamba kitu kinachosisimua hakiwezi kufikirisha. Dharau hiyo haina mashiko katika ukanda unaoanzia ufuko wa Ziwa Viktoria, ukapanda kupitia Busia hadi kwenye mwamba wa Tororo, kwa kuwa miongoni mwa jamii za huko kisa cha kutisha kilikuwa sehemu ya malezi, na mikononi mwa wanawake wazee kilikuwa chombo cha kufundishia. Mwandishi aliyekipeleka kisa hicho kwenye kurasa za kitabu, na kukigeuza ili kiwatetee wasichana waliokuwa wakiliwa na mazimwi, ni Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo, magharibi mwa Kenya, tarehe 15 Mei 1930, na kufariki Nairobi tarehe 18 Machi 2015. Yeye hakuwa mzaliwa wa mpakani, lakini asili ya hadithi zake haielezeki bila mpaka huo kutajwa.

Mpaka wenyewe ni wa juzi tu. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi karibu na Naivasha, na ni siku hiyo ambapo Waingereza waliuhamishia upande wa himaya yao jirani, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari uliotokana na uamuzi huo uliwakata Wasamia na Wateso, wakawa raia wa pande mbili. Waluo walikuwa wametawanyika zamani zaidi, na kwa sababu nyingine. Masimulizi ya Jopadhola, ambao ni wasemaji wa lugha ya Kiluo wanaoishi Tororo, husema kwamba Adhola na Owiny walikuwa ndugu, na kwamba Adhola alibaki katika nchi inayoitwa kwa jina lake, ilhali Owiny aliendelea kusini-mashariki hadi nchi ambayo leo ni Siaya. Aliyeyachunguza masimulizi hayo kwa kina ni mwanahistoria Bethwell Ogot, mume wa Grace tangu 1959, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Waluo wa kusini. Kwa hiyo, katika nyumba moja, mume alikusanya yale ambayo wazee wa kiume walisimulia juu ya koo na vita, na mke aliandika yale ambayo mabibi walisimulia usiku. Vitabu vya historia vimemtukuza zaidi yule wa kwanza, jambo ambalo si la haki sana.

Chuo cha mabibi hao kiliitwa siwindhe, yaani nyumba ya mwanamke mzee ambamo wasichana wa boma walilala na kufunzwa. Mwenye nyumba, ambaye watafiti wa historia ya Siaya wamemweleza kwa jina la pim, mara nyingi hakuwa wa ukoo wa watoto aliowalea, bali alitoka mbali, akiwa na ujuzi wa watu na mahali ambapo wanaume wa boma hawakupajua. Jambo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Desturi ilimkataza mtu kuoa ndani ya ukoo wake, na mwanamke ndiye aliyehama alipoolewa, kwa hiyo inaelekea kwamba hadithi ziliposafiri baina ya Waluo, Wasamia na majirani wao, zilisafiri zaidi kwa midomo ya wanawake. Mstari wa 1902 haukuwa na uwezo wa kuzuia mizigo ya aina hiyo.

Grace alisoma Ng'iya na Butere, shule za wasichana za wamisheni, kisha kati ya 1949 na 1953 akasomea uuguzi katika Hospitali ya Mengo, Kampala, na baada ya hapo ukunga London, ambako pia aliandika na kutangaza katika idhaa ya BBC iliyolenga Afrika Mashariki. Alikuwa muuguzi Maseno na Makerere, na vitisho vya wodini, pamoja na mabishano kati ya tiba ya hospitali na ya mganga, vimejaa katika kazi zake. Mnamo Juni 1962 alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, ambako wanawake walikuwa wachache mno. Baadaye alieleza kwamba alipopeleka hadithi zake kwa Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki, meneja alizikataa, akishangaa jinsi mwanamke Mkristo alivyoweza kuandika mambo ya kafara na waganga. Mshangao huo unafundisha zaidi kuliko kukataliwa kwenyewe, kwa maana ulidhania kwamba binti wa misheni hakuwahi kulala siwindhe.

Hadithi iliyomjulisha kwa wasomaji ni The Rain Came, iliyotoka kwanza 1963 kwa jina lingine lililotaja mwaka wa kafara. Ukame umeikumba nchi, na mganga anamwambia mtawala Labong'o kwamba mizimu inamtaka binti yake, Oganda, amezwe na zimwi la ziwani. Watu wanashangilia, kwa kuwa msichana ametukuzwa, na ni msomaji tu anayebaki akisikia hofu yake akitembea peke yake kuelekea majini. Mpenzi wake Osinda anamfuata, anamfunika kwa vazi la majani lisilopenywa na macho ya mizimu, na wanakimbia. Kisha mvua inanyesha. Ogot haongezi neno la kufafanua, na hapana haja, kwa sababu mvua iliyonyesha bila msichana kufa imeisuta hoja yote iliyomtoa kafara. Katika Tekayo, iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa 1968, zimwi halitoki ziwani tena, bali ni babu anayependwa na wajukuu, ambaye ameonja ini na kushikwa na tamaa inayomfanya awaue watoto wale wale. Katika kitabu hicho hicho, Elizabeth, mhazili wa Nairobi, anabakwa na mwajiri wake. Hadithi hiyo haina uchawi wowote, ila msomaji aliyetoka kumsoma Tekayo hawezi kukosa kuona kwamba mla watu ni yule yule, safari hii amevaa suti.

Riwaya yake The Promised Land ilichapishwa 1966, mwaka ule ule ambao Flora Nwapa wa Nigeria alitoa Efuru. Ochola anahamia Tanganyika kutafuta ardhi, jirani yake anamroga, ngozi yake inachomoza miiba, na hospitali inashindwa kumponya, huku mkewe Nyapol, aliyepinga safari tangu mwanzo, akionekana kuwa na akili kuliko wote.

Kama Ogot aitwe mfeministi, yaani mtetezi wa usawa wa wanawake kwa nadharia na vitendo, ni suala linalobishaniwa, kwani wake anaowabuni katika hadithi zake huvumilia mno, na siasa zake akiwa mbunge wa Gem na waziri msaidizi hazikuwa za uasi. Hata hivyo, riwaya yake ya Kiluo Miaha, ya 1983, inachukua kisa cha kale cha bibi harusi anayelaumiwa kwa kuwaletea watu jasho la kulima kwa kuligusa jembe lililokuwa likilima lenyewe, na inampa msichana huyo, Nyawir, jina, nia na hoja.

Tororo nayo imezaa mrithi wa fani hiyo ya visa vya kutisha, naye ni mwanamume. Dilman Dila, aliyezaliwa huko 1977, alitoa mkusanyiko wa hadithi za vitisho na sayansi ya kubuni, A Killing in the Sun, mwaka 2014, na filamu yake Her Broken Shadow ya 2017 inamhusu mwandishi wa kike anayegundua kwamba yeye mwenyewe ni mhusika katika kitabu cha mtu mwingine.