Mikaratusi ya Butembo na Somo la Ikolojia
Ikolojia, yaani elimu ya mahusiano ya viumbe hai wao kwa wao na mazingira yao, ilikuwa ikitumika katika vilima vya mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, kabla ya kuandikwa ubaoni, kwa kuwa Wanande, wanaojiita pia Wayira, walikuwa wakipumzisha mashamba yao ili udongo urudishe rutuba, desturi iliyofifia kadiri watu walivyoongezeka na ardhi ikapungua. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ya Kibelgiji ilianzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, na ilipopanuliwa baadaye, mpaka wake ukawafungia wakulima wa milimani njia ya kushukia ardhi ya bondeni.

Mkaratusi, mti wenye asili ya Australia, ulienea vilimani kwa sababu hukua haraka na kisiki chake huchipua tena mti unapokatwa, hivyo ukaupatia mji makala, yaani makaa, mbao na kuni za kuchomea matofali. Mwanafunzi wa sekondari akipekua chini ya mti huo hukuta tandiko la majani makavu yenye harufu kali ya mafuta, yasiyooza upesi, na nyasi chache tu. Akishuka kwenye chemchemi iliyozungukwa na mikaratusi, huelewa kwa nini wazee huulalamikia kwamba unakunywa maji mno. Hata hivyo, kuulaumu mti peke yake ni kurahisisha mambo, maana mpango wa EcoMakala, ulioanza mwaka 2007 katika Kivu ya Kaskazini, ulihimiza mashamba ya miti, mikaratusi ikiwemo, ili makala yasitoke Virunga.