Polio si ilikwisha? Mbona Kagera watoto walichanjwa tena 2023?

Wadau, swali hili niliulizwa na bibi mmoja kwetu Izimbya, Septemba 2023, wachanjaji walipopita nyumba kwa nyumba. "Mwanangu, si redio ilisema polio imekwisha? Sasa haya matone ya nini?" Nikakosa jibu, aibu tupu. Nimefuatilia, jibu ndio hili.

Redio haikudanganya. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili Tanzania alikuwa 1996, na 2015 tukapewa cheti. Agosti 2020 Afrika nzima ikatangazwa safi. Februari 2022 Malawi wakatangaza mtoto aliyepooza Lilongwe, kwa kirusi chenye asili ya Pakistan.

Lakini hiyo ya Kagera ni nyingine kabisa, watu wanazichanganya. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto akimeza, anakitoa chooni kwa wiki kadhaa. Penye watoto wengi waliochanjwa kinafia njiani. Pasipo na chanjo kinazunguka mtoto hadi mtoto, mwaka na zaidi, kinabadilika mpaka kinapata tena nguvu ya kupoozesha. Aina ya pili ndiyo inayoongoza kwa mchezo huo. Na kwa kuwa aina ya pili ya asili ilishatokomezwa, Aprili 2016 dunia nzima iliiondoa kwenye matone.

Hesabu nzuri kwenye makaratasi! Ila waliozaliwa baada ya hapo walikosa kinga ya matone dhidi yake. Sindano yenye aina zote tatu iliingia nchini 2018, nayo inazuia kupooza vizuri kuliko inavyozuia kirusi kusambaa tumboni.

Machi 2023 Burundi wakatangaza mlipuko, baadaye mtoto akapooza Rukwa. Mmoja tu? Ndiyo, lakini wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo mmoja akipooza kirusi kimeshapita kwa mamia. Ndipo mikoa 6 ikachanjwa: Kagera, Kigoma, Katavi, Rukwa, Songwe na Mbeya. Watoto chini ya miaka 8, yaani wale wa baada ya 2016. Matone yenyewe yalikuwa mapya, yametengenezwa kirusi chake kisibadilike kirahisi.

Nilimrudia bibi na maelezo haya. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wake mmoja hakupakwa wino kidoleni. Alikuwa amemficha kwenye migomba. Tukaitafuta kadi yake ya kliniki.