Nembo ya vijana wa Tunduma iwe na nini?

Wadau, hebu leo tuongee nembo. Timu zetu za vijana zina ugonjwa wa kuazima. Tazama jezi zao: mzinga wa Arsenal au shetani mwekundu wa Manchester, kilichobadilishwa ni jina la mtaa tu. Na ugonjwa huu tumeurithi. Hata Simba ilikuwa ikiitwa Sunderland mpaka mwaka 1971!

Sasa tuseme vijana wa Tunduma wanataka nembo mpya, yenye historia ya kwao. Wachore nini?

Wengi watakimbilia kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Vitabuni utasoma kwamba "liligunduliwa" na mpima ardhi mwaka 1930, utadhani Wanyiha walikuwa wakipita pale wamefumba macho. Lakini kimondo kilishapata timu yake, Kimondo FC ya Mbozi, iliyocheza Ligi Daraja la Kwanza na kumtoa Geoffrey Mwashiuya, aliyesajiliwa na Yanga mwaka 2015. Tuwaachie jirani chao.

Historia ya Tunduma ni mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba kule Berlin, wakagawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Hakuna Mnyamwanga aliyeulizwa. Watu wa lugha moja wakajikuta huku Mjerumani, kule Mwingereza. Leo huku ni Tunduma, kule ni Nakonde, Zambia.

Halafu ikaja reli. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kusafirishia shaba yake. Nyerere na Kaunda wakapata mkopo usio na riba kutoka China. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 TAZARA ikakabidhiwa: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Inavukia mpaka wapi? Hapo hapo Tunduma.

Basi mimi ningechora mstari mmoja uliolala, na reli inayoukata katikati. Inatosha.

Najua wapo watakaosema wekeni lori, maana Tunduma ni malori. Sawa, lakini malori yanapita tu, kesho yako Lusaka. Wengine watataka bendera ya taifa. Bendera tunaipenda, ila tayari ni ya kila timu nchini. Mtoto wa Tunduma mwenye bibi yake Nakonde anakua akiambiwa kuwa bibi ni mtu wa nchi nyingine. Siku akiuliza nani aliamua hivyo, walau kifuani kwake pawe na mwanzo wa jibu.

Haya, wenye penseli mnasemaje?